Maarifa Yasiyofika Sokoni Hayalishi Mtu

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza jinsi Chama Kikuu chetu kilivyoanzishwa, na majina ya wazee waliotembea kwa baiskeli toka kijiji hata kijiji wakikusanya hisa za kwanza yamekwisha kusomwa. Hatutarudia hayo. Yafaa sisi tuseme juu ya miaka inayokuja, na hasa juu ya hoja moja ambayo Mkutano Mkuu wa mwaka huu utaamua.

Hoja yenyewe ni hii. Halmashauri imependekeza kwamba sehemu ya ziada ya msimu huu isigawanywe kwa wanachama, bali itumike kuanzisha karakana ya Chama Kikuu. Katika karakana hiyo vijana mafundi wa vijiji vyetu watatengeneza, watauza na kukarabati mashine za kukamua alizeti, na vyombo vingine vitakavyoonekana kuwa na faida kwa mkulima. Twajua kwamba jambo hili limezusha mabishano katika vyama vingi vya msingi, nasi twaona mabishano hayo ni ya haki, maana fedha inayozungumzwa ni ya wanachama. Kwa hivyo twaomba subira yenu tueleze sababu, kisha tutaje pia hatari zake.

Katika miaka kumi hii tumejifunza kuuza pamoja. Tumepata mizani ambayo mkulima anaiamini, ghala lisilovuja, na malipo yanayofika kwa simu. Hayo si mambo madogo. Lakini tuangalie gunia la alizeti linavyosafiri. Linaondoka hapa likiwa mbegu. Huko mjini mbegu hukamuliwa, mafuta huchujwa, hutiwa katika chupa na kubandikwa karatasi yenye jina la mwenye kiwanda. Kisha mafuta hayo hurudi katika maduka yetu, nasi huyanunua. Mashudu, ambayo ni chakula kizuri cha ng'ombe na kuku, huuzwa kwa wafugaji wa mbali, na ng'ombe wetu hubaki na mabua makavu. Ardhi ni yetu, na jasho ni letu. Kilichobaki mjini ni maarifa ya kugeuza mbegu kuwa bidhaa, pamoja na ujasiri wa kuyafanyia biashara maarifa hayo.

Jambo hili halihusu vijiji vyetu peke yake. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nchi za nje, hasa mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia, ilhali mikoa ya kanda ya kati, yaani Singida na Dodoma, yajulikana kote kwa alizeti. Basi uhaba wetu si wa mbegu, na tutaonyesha kwamba si wa akili wala si wa mashine vilevile.

Watu husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Twaiheshimu methali hiyo katika mambo ya tabia za watu. Lakini katika mambo ya mashine imetudanganya. Mashine nzuri haijiuzi. Mashine nzuri isiyo na mtu wa kuitengeneza karibu, wa kuitembeza, wa kuikopesha na wa kuikarabati hubaki katika chumba cha maonyesho, nayo hupigwa picha tu.

Ushahidi wa neno hili umo katika nchi yetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni mkoani Arusha mashine ya kukamua alizeti kwa mkono. Mashine hiyo ina wenzo mrefu ambao mtu huuinua na kuushusha. Wenzo husukuma pistoni nyembamba, nayo hubana mbegu ndani ya tundu la vyuma, na mafuta hutoka katika nafasi ndogo zilizo baina ya vyuma hivyo. Siri yake ilikuwa wembamba wa pistoni: nguvu za mtu mmoja, zikikusanywa mahali padogo, hutosha kukamua mbegu bila injini na bila kuzichemsha. Mashine hiyo ilienea Tanzania, ikavuka mipaka hadi Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe.

Tuulize, ilienea kwa nini? Maana mashine za kukamua mafuta zilikuwapo duniani tangu zamani. Ilienea kwa sababu iliweza kuundwa na karakana ndogo za hapa hapa, kwa chuma kinachopatikana na kwa mafundi wenye mashine za kawaida za kukereza na kuchomelea. Ilienea kwa sababu mwenye kuinunua aliweza kuwakamulia majirani mbegu zao kwa malipo, na hivyo kurudisha gharama. Tena ilihitaji alizeti yenye ganda laini na mafuta mengi, kwa sababu ganda gumu humchosha mkamuaji na hunyonya mafuta. Kwa hivyo ilibidi mbegu bora ifike kwa mkulima pamoja na mashine. Hapo twaona kwamba kubuni ni sehemu moja tu ya kazi. Sehemu nyingine ni fundi, mbegu, mkopo, bei na soko. Ikikosekana moja, nyingine zote zalala.

Sasa tuangalie kinyume chake. Katika kijiji kimoja cha eneo letu, ambacho hatutakitaja kwa jina, iko mashine ya kukamua yenye injini iliyoletwa kama zawadi na wafadhili. Ilipokelewa kwa ngoma. Ilifanya kazi vizuri msimu wa kwanza. Kisha beringi moja ikafa, na beringi ya kipimo kile haikupatikana katika maduka ya mkoa. Barua zikaandikwa, majibu yakachelewa, hata kuku wakaanza kutaga chini ya mashine ile. Waliotoa zawadi hawakuwa na nia mbaya, na wanakijiji hawakuwa wavivu. Ila mashine ilikuja peke yake, haikuja na fundi wala vipuri, na hapakuwa na mtu ambaye riziki yake ilitegemea kuiona ikizunguka. Kitu ambacho hakina mwenye kupata hasara kinapoharibika, hakina mwenye kukitengeneza pia.

Wengine watauliza: Je, chama cha wakulima chaweza kweli kushika mambo ya mitambo? Si afadhali tuwaachie matajiri na wataalamu? Twajibu kwa habari ya wakulima wa India, katika wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat, penye mji mdogo uitwao Anand.

Wafugaji wa Kaira walikuwa wakikamua nyati wa kufugwa, na maziwa yao yalipelekwa katika mji mkubwa wa Bombay. Kampuni moja ndiyo iliyopewa haki ya kuyakusanya na kuyapeleka, nayo ndiyo iliyopanga bei. Mwaka 1946 wafugaji walikataa kuuza maziwa yao kwa muda wa siku 15, wakamwaga kilichokuwa chao kuliko kukiuza kwa bei ya dharau. Mwaka huohuo wakaandikisha chama kikuu chao wenyewe, na mwenyekiti wao akawa Tribhuvandas Patel. Hadi hapo habari yao ni kama yetu: waliungana ili wauze pamoja.

Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1949 alifika Anand kijana mmoja mhandisi, Verghese Kurien, aliyekuwa amesoma Marekani, akawekwa katika kiwanda kidogo cha maziwa cha serikali. Hakupenda kuwapo, na alikuwa akingoja tu ruhusa ya kuondoka. Mwenyekiti wa wakulima alimwomba abaki kidogo awasaidie kurekebisha mitambo yao mibovu. Alibaki, na hakuondoka tena. Alifariki dunia mwaka 2012 akiwa mtu wa Gujarat. Tuone busara ya mwenyekiti yule. Hakuwa na elimu ya mitambo, lakini alijua kumtambua mwenye nayo, akampa kazi ya maana na akamlinda.

Kisha wakapambana na shida ya pili. Nyati hutoa maziwa mengi wakati wa baridi kuliko wakati wa joto, na Bombay haikuweza kuyanunua yote. Njia ya kuyahifadhi ilikuwa kuyafanya unga, kwa kuyanyunyiza katika hewa ya moto. Lakini wataalamu wa nchi za ng'ombe walisema kwamba maziwa ya nyati, kwa wingi wa mafuta yake, hayakaushiki kwa njia hiyo. Rafiki wa Kurien, mtaalamu wa maziwa aitwaye H. M. Dalaya, hakukubali. Alijaribu kwa chombo cha kunyunyizia rangi na kipasha hewa, akaonyesha kwamba yawezekana. Kiwanda kikajengwa kwa msaada wa UNICEF na serikali ya New Zealand, na tarehe 31 Oktoba 1955 kikafunguliwa na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Bidhaa zake zikapewa jina la Amul, ambalo leo lajulikana katika kila mji wa India.

Ndugu wanachama, twaomba mwone mpango wa mambo hayo. Uvumbuzi wa Dalaya ungeweza kuuzwa kwa kampuni ya mjini, na wafugaji wangebaki kuwa wauza maziwa tu. Kwa kuwa kiwanda kilikuwa cha chama, faida ya uvumbuzi ilirudi katika ndoo ya mfugaji. Chama kikaweza kumletea daktari wa mifugo, na chakula bora cha mifugo. Mwaka 1964 Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alilala katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo ili ajionee mwenyewe, na mwaka uliofuata serikali ikaunda bodi ya taifa ya maziwa, makao yake yakawa Anand, ili mfano ule uenezwe nchi nzima. Kabla ya karne ya 20 kwisha, India ilikuwa imekuwa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa.

Tusidhani kwamba mfano wa India ni mkubwa mno kwetu. Ulianza na vijiji vichache na mitambo mibovu. Tena hapa Afrika Mashariki tumeona kwa macho yetu jinsi teknolojia inavyofika mashambani. Huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, nia ya kwanza ilikuwa watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na wenye huduma wakawa na hekima ya kufuata walichokiona. Mwezi Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa watu wote, mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Nguvu yake haikuwa katika simu peke yake. Ilikuwa katika mwenye duka wa kijijini aliyekubali kuwa wakala, akapata malipo yake kidogo kwa kila kazi, na kwa hivyo akawa na sababu ya kufungua mlango kila asubuhi. Hata sisi tusingelipana kwa simu leo kama wakala asingekuwapo kijijini.

Basi mifano hii mitatu, ya Arusha, ya Anand na ya simu, yatufundisha neno moja. Maarifa hufika mahali pa mbali pale yanapopata mtu wa mahali hapo ambaye riziki yake imo ndani yake. Tukiyaleta kwa zawadi, yataondoka na mleta zawadi. Tukiyaleta kwa biashara ya mtu mmoja tajiri, yatakaa, lakini faida yatamfuata yeye. Tukiyaleta kwa ushirika, yatakaa na faida yatabaki, mradi tufanye kazi kwa utaratibu.

Vijana wenye akili ya mikono tunao. Katika kila gulio letu yupo kijana anayefungua simu iliyokufa na kuifufua, yupo mchomeleaji anayeunda toroli na milango kwa kuangalia picha tu. Vijana hao wana ujuzi. Hawana chuma cha kutosha, hawana mtaji, wala hawana anayewadhamini benki. Kwa hivyo huondoka. Kila mwaka mabasi ya alfajiri yanawachukua, na sisi wazazi twawafungia chakula cha njiani. Wanakwenda mjini kutengeneza mashine za watu wengine, zinazokamua alizeti iliyolimwa na mama zao.

Chama Kikuu kina vitu vinne wasivyokuwa navyo. Kwanza, kina wanunuzi, maana vyama vya msingi vyote vinahitaji mashine na ukarabati wake. Pili, kina mali ghafi, ambayo ni mbegu yenyewe. Tatu, kina jina mbele ya benki. Nne, kina daftari, yaani njia ya kujua ni mashine gani imeuzwa, imelipiwa kiasi gani, na imeharibika mara ngapi. Daftari la kuharibika kwa mashine ni mwalimu mkubwa kuliko mtaalamu yeyote, maana huonyesha fundi mahali pa kurekebisha.

Wala hatuko peke yetu. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria mwaka 1973. Arusha kuna TEMDO, ya uhandisi na uundaji wa mitambo, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zana nyingi zimekwisha kubuniwa huko. Kazi yetu haitakuwa kuvumbua gurudumu upya, bali kuchukua kilichobuniwa, kukijaribu katika vumbi letu, kukirekebisha na kukiuza kwa bei ambayo mkulima aweza kulipa baada ya mavuno. Fundi wetu akigundua jambo jipya, sheria ya hataza ipo, na BRELA ndiyo ofisi ya kuandikisha. Pendekezo lasema wazi kwamba fundi huyo apate fungu lake katika kila mashine itakayouzwa, nacho chama kipate lake. Tukimnyima fundi fungu, atapanda basi la alfajiri kama wenzake.

Sasa tuseme juu ya hatari, maana katibu anayeficha hatari hafai kazi yake. Wazee wamesema kwamba ziada ikizuiwa, sare na madaftari ya watoto yatanunuliwa na nini mwezi wa Januari? Neno hilo ni kweli tupu. Ndiyo sababu Halmashauri haikuomba ziada yote, ila sehemu, na imeacha kiasi chake kiamuliwe na Mkutano Mkuu wenyewe. Wengine wamesema kwamba mitambo ya ushirika ilipata kuwako zamani nayo ikapotea. Hilo nalo ni kweli. Nchi hii ina historia ndefu ya ushirika: KNCU ya Kilimanjaro iliandikishwa mwaka 1933, na shirikisho la vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa na vinu vyake vya kuchambulia pamba. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya kuvirudisha haikupitishwa hadi 1982. Waliosimulia habari za miaka ile walitaja siasa, na walitaja pia hesabu mbovu na viongozi waliosahau ni watumishi wa nani.

Kwa hivyo pendekezo limewekewa masharti. Hesabu za karakana zitaandikwa katika daftari lake peke yake, wala hazitachanganywa na hesabu za mazao. Zitasomwa kwa sauti katika kila chama cha msingi kila baada ya msimu, hata kwa wasiojua kusoma. Hakuna mjumbe wa Halmashauri atakayeruhusiwa kuiuzia karakana chuma wala vifaa. Baada ya misimu mitatu Mkutano Mkuu utaamua upya. Ikiwa karakana haijilipii, itafungwa, vifaa vitauzwa, na fedha itarudishwa katika ziada ya wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba karakana bila daftari haipotei tu, huondoka na imani ya watu, na imani ikiondoka haina duka la kununulia nyingine.

Ndugu wanachama, hatukuja kuwaamulia. Kila mjumbe hapa ana kura moja, awe na hisa moja au hisa hamsini, na hiyo ndiyo heshima ya ushirika. Twaomba tu kwamba mtakaporudi vijijini mwiseme hoja hii kwa ukamilifu wake, upande wa faida na upande wa hatari. Waulizeni kina mama wanaokamua, waulizeni vijana walio katika magulio, waulizeni wazee wanaokumbuka vinu vya zamani. Kisha rudini na uamuzi wa vyama vyenu.

Miaka kumi iliyopita wazee wetu waliulizwa kama mkulima aweza kuendesha mizani yake mwenyewe. Walijibu kwa vitendo. Sisi sasa twaulizwa kama aweza kuendesha karakana yake mwenyewe, na jibu liko mikononi mwa Mkutano Mkuu.

Twawatakia wote sherehe njema, mvua ya kutosha na mavuno mema. Ushirika udumu.